Jumatano Niliyoikosea

"Mama, hapa tubadilishe," Gichovi alisema, kidole juu ya karatasi nilizoandikia kumbukumbu zangu. Mwanangu huyu ni mwalimu, na kusahihisha watu ndiyo raha yake. "Tusiseme ulikosea siku. Tuseme ulimdanganya mzungu makusudi. Wasomaji watakupenda."

Wanipende wasinipende, shauri yao.

Ilikuwa 1955, wakati wa Hali ya Hatari, nami nina miaka kumi na minne. Nyumba zetu zilikuwa zimechomwa, tukafungiwa katika kijiji cha lazima karibu na Embu. Mama alipigwa siku mbili mpaka akakiri: alipeleka ndizi na njahi, yale maharagwe meusi, msituni kwa wapiganaji, Jumanne. Karani alikuwa mgonjwa, basi askari wakanisukumia karatasi mimi, niliyejua kuandika. Mama akasema, nikaandika. Mkojo ulinitoka, nikaandika Jumatano. Mama hakujua kusoma. Akabandika dole gumba.

Bwana shauri, mzungu wa serikali, aliisoma, kisha akamgeukia Mbae, mkuu wa askari wa kijiji. "Jumatano si siku ya handaki?"

Kila Jumatano kijiji kizima kilichimba handaki la kutuzunguka sisi wenyewe, na Mbae alijigamba kwamba siku hiyo hata panya hatoki. Akiikubali karatasi yangu, basi mwanamke alimponyoka mchana kweupe, na kiondo mgongoni.

"Huyu alikuwa anachimba, bwana," alisema, jasho likimtoka. "Mimi mwenyewe nilimuona."

Bwana shauri akaichana karatasi, akamwonya Mbae asimletee tena maneno ya fimbo. Lori la wafungwa likaondoka bila mama.

Alinishika mashavu kwa mikono iliyovimba. "Mwana wakwa, una akili wewe!" Miaka thelathini alisimulia hivyo, arusini na kanisani: binti yake alivyomzunguka mzungu. Nilinyamaza kila mara. Nilipenda kusifiwa, na naona haya kusema hivyo.

"Liache kosa lilivyo," nilimwambia Gichovi.

"Na mkojo?"

"Mkojo usiuguse."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nyanya angesikia, angekasirika sana."

"Angekasirika," nilisema. "Lakini mpaka anakufa alimshukuru msichana mwerevu ambaye hakuwapo. Mimi ndiye niliyekuwa pale."