Vidonge vya Nyonga Yangu

Kabla hakujapambazuka nilikuwa jikoni, nikikisukuma kidonge kwa kidole gumba mpaka kikaratasi cha bati kikapasuka. Tak. Kisha cha pili. Nilikuwa nimefunika mikono kwa pindo la gauni ili sauti isimfikie binti yangu chumbani. Vilikuwa vidonge vyangu, nilivyoandikiwa na daktari wa mifupa kwa ajili ya nyonga, na mbele ya maumivu havina mzaha. Nikavitia kwenye bahasha ndogo ya kliniki iliyoandikwa paracetamol. Vile vya binti yangu mwenyewe nilikuwa nimeshavitoa. Vyote ni vyeupe, vyote ni vya mviringo.

Binti yangu alikuwa na siku kumi na tisa tangu apasuliwe kumtoa mtoto, na kidonda kilikuwa kinamchoma kwa kushinda kutwa kwenye kiti cha wodini. Mtoto naye alikuwa amefanyiwa upasuaji siku mbili nyuma, kwa sababu ya ngiri iliyokuwa imembana utumbo. Nilimwambia binti yangu akaombe dawa yenye nguvu. Akajibu kwamba ananyonyesha, hamezi kitu ambacho kliniki haikumpa, na nisimsumbue. Mbishi huyo, tangu yumo tumboni. Nikaona tusibishane, nimsaidie kimya kimya. Asubuhi hiyo ilikuwa ya tatu kumbadilishia vidonge.

Alimeza kimoja akaweka cha pili kwa ajili ya mchana. Alisema siku hizi kidonda kimetulia, na mimi nikafurahi, Mungu anisamehe. Akakamua maziwa, nikayatia kwenye chupa, nikaizungushia taulo. Wodini hapakuwa na vitanda vya akina mama, kwa hiyo tulikuwa tunawaachia wauguzi maziwa ya usiku, tunalala nyumbani na kurudi asubuhi, na kubeba chupa ilikuwa kazi yangu.

Muuguzi wa zamu ya asubuhi alikuwa msichana mwembamba mwenye tabia moja niliyoipenda: hakumgusa mtoto kabla hajasugua viganja vyake mpaka vikapata joto. Siku ya kwanza nilimlalamikia kwamba dawa wanayompa mjukuu wangu ni kidogo mno. Nikamwambia, mnampimia mume wangu kama mnauza dhahabu. Akacheka, akasema mume wangu mwenyewe ana kilo tatu tu. Kisha akanieleza polepole kwamba ini la mtoto mchanga ni kama mfanyakazi aliyeajiriwa jana, kazi bado hajaizoea. Mofini ambayo mtu mzima angeimaliza kwa saa chache, kwa mtoto inakawia mwilini, na ikizidi inamsahaulisha kupumua. Ndiyo maana kabla ya kila dozi alikuwa anahesabu pumzi dakika nzima na kuandika.

Asubuhi hiyo mtoto alikuwa amelala fofofo. Nikasema leo kalala kama bwana mwenye nyumba. Muuguzi hakucheka. Aliweka kiganja kifuani pa mtoto, macho kwenye saa, akahesabu. Akahesabu tena. Jana pumzi zilikuwa thelathini na nane kwa dakika, sasa zilikuwa kumi na sita. Akamsugua unyayo. Mtoto akauvuta mguu kidogo, akauacha. Muuguzi akaisogeza mbali chupa yangu, akamwita daktari.

Daktari, mama wa makamo, alisoma karatasi huku ameinama juu ya kitanda. Mofini ya mwisho alipewa jana asubuhi, tena kidogo. Akasema hiyo peke yake isingemlaza hivi. Kisha akamgeukia binti yangu.

"Na wewe mama, unatumia dawa gani?"

"Paracetamol za kliniki tu." Akatoa bahasha kwenye mkoba.

Daktari akasoma maandishi ya nje, akamrudishia, akaanza kuuliza juu ya homa.

Nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyekuwa ananitazama. Lakini nilikuwa nakitazama kile kifua. Kilipanda, kikashuka, kisha kikakaa bila kupanda mpaka nikahisi mimi ndiye ninayekosa hewa.

"Si hizo," nikasema. "Humo ndani ni zangu. Za nyonga. Nilimbadilishia."

Binti yangu akamimina kile kidonge kilichobaki kiganjani. Akakitazama, akanitazama mimi.

Daktari hakupandisha sauti. Aliuliza jina la dawa, vidonge vingapi, siku ngapi. Kisha akaeleza kwamba mwili wa mama huigeuza dawa ile kuwa ndugu wa mofini, na sehemu yake huingia kwenye maziwa. "Sisi tulikuwa tunampimia kwa matone, Bibi, na chupa inaongeza tusichokijua."

Chupa niliyoibeba mwenyewe, kwenye taulo.

Wakampa mtoto dawa ya kumzindua, kupitia mrija wa mkononi. Haikupita muda akafumbua macho, akapumua, akalia. Nilishukuru kusikia kilio hicho kwa kama dakika moja. Baada ya hapo nikakielewa. Dawa iliyomwamsha ilikuwa imemrudishia pumzi na imemrudishia maumivu yake yote. Alikunja magoti kuelekea kidonda, akayanyoosha, akatetemeka kidevu.

"Mpe kitu, mwanangu," nikamwomba muuguzi.

"Sasa hivi siwezi, Bibi. Nikimpa yenye nguvu namrudisha alikotoka."

Alimpa paracetamol iliyopimwa kwa kilo zake, na tone la maji ya sukari kwenye ulimi. Alisema dawa ya kumzindua huisha mapema kuliko ile iliyomlaza, hivyo yeye na wa zamu ya usiku watahesabu pumzi kila robo saa mpaka kesho. Maziwa yangemwagwa kwa siku mbili. Nikasikia chupa ya asubuhi ikimiminwa kwenye sinki. Mfanya usafi aliyekuwa akipiga deki akaweka ndoo chini, akanivutia kiti bila kuniuliza lolote.

Binti yangu alifungua vifungo, akamlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Bila vidonge vyangu kidonda chake nacho kiliamka. Nilimwona akiuma mdomo. Mmoja alilia, mwingine alinyamaza, na mimi nilikaa katikati yao nikiwa sina la kufanya ila kuhesabu. Ishirini na nne. Ishirini. Muuguzi akasugua viganja, akahesabu naye, akaandika. Ishirini na saba. Kisha ishirini na mbili tena. Hakuna aliyeniambia ni nzuri au mbaya.

Kutwa nzima binti yangu hakunisemesha. Kengele ya kuwatoa wageni ilipolia, muuguzi akasema mama mtu atabaki, watamtafutia godoro. Nilikunja taulo tupu, nikamgusa mume wangu kisigino kwa ncha ya kidole. Kilikuwa cha moto kwa kulia. Nikaenda mlangoni, nyonga ikinivuta; dawa yake nilikuwa nimeikabidhi yote kwa daktari.

"Mama."

Nikageuka. Hakuwa ananitazama, macho yake yalikuwa kwenye mgongo wa mtoto, midomo ikihesabu. Akamaliza kwanza.

"Kesho usilete kitu," akasema. "Lakini uje."