Namba Kumi na Saba, Amekufa

...na kwamba Joakim alipanda meli pale Liuli mwezi wa sita mwaka hamsini na sita, akaenda na vijana wengine wanne kwenye migodi ya kusini, hilo hakuna shahidi anayelipinga, wala kwamba wale wanne walirudi na yeye hakurudi, wala kwamba mwaka wa sitini mke wake Walburga, ambaye ndiye bibi yangu na ndiye aliyeketi mbele yangu sasa hivi na ungo wa mchele mapajani, alifunga ndoa kanisani na Raimundi, babu yangu, kwa nguvu ya karatasi moja iliyosema Joakim amekufa, hayo yote yanakubaliwa na pande zote, ingawa nikijiuliza pande zenyewe ni zipi nakwama, maana Joakim hana wa kumtetea na Raimundi yuko kaburini tangu mwaka elfu mbili na tisa, anayesubiri uamuzi ni mmoja tu, naye ameacha kuchambua, kidole kimesimama juu ya chuya, ameniuliza, "Bonifasia, kitabu kinasema amekufa?", nami nina daftari magotini na sijajibu... kitabu, ndivyo anavyoliita, lakini ni daftari la wanachama wa mganda wa kijiji hiki, jalada gumu lililoliwa na mchwa kwenye kona, na mganda ni ngoma ya wanaume waliovaa kaptula nyeupe na soksi ndefu wakacheza kwa hatua za askari, wakapeana vyeo, huyu Kingi, huyu Kepteni, huyu Sajini, huyu Daktari, kisha wakaandikana kwa mistari iliyonyooka kama ya ofisi ya serikali, namba, jina, cheo, tarehe ya kuingia, vifaa, maelezo, na katika mstari wa kumi na saba upo mwandiko safi usio na shaka hata kidogo, ndiyo maana mimi ninautilia shaka, Joakim, Sajini, amekufa, tarehe kumi na nne Februari hamsini na tisa, na chini yake sahihi, Tobias, Daktari... mchana huu ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa kumi Padri atapita nyumba kwa nyumba kuwapelekea wazee komunyo, na mwezi uliopita alipofika hapa Bibi alimwambia, leo hapana, Padri, mwanamke ambaye katika maisha yangu yote sijapata kumwona akikataa komunyo, akakaa na kitambaa chake cheupe kichwani akimwangalia Padri anavyofunga tena kile kichombo chake, na mjomba Dastan alinipigia simu Mbinga jioni ileile akaniambia, mama yangu ana kesi, njoo wewe uliyesoma sheria, nilidhani anatania... huko nje anatania kweli, namsikia kupitia dirishani, yuko na Praygod, mtafiti wa chuo kikuu aliyelitoa daftari hili kwenye sanduku la bati la ukoo wa Kepteni wa mwisho, anamwambia, mwalimu, na mimi niandike humo, niandike Jenerali wa Usipa, na Praygod anauliza jenerali wa dagaa hao wa ziwani anakagua nini, na mjomba anasema anakagua kama mboga imeiva, wanacheka, wanacheka juu ya kitu ambacho humu ndani hakina kicheko... ni Praygod huyuhuyu aliyesema, siku chache kabla Bibi hajakataa komunyo, Bibi akiwa anamtengea ugali, kwamba Daktari wa mganda hakuwa daktari wa kutibu, kazi yake ilikuwa kukagua soksi na kucha za wachezaji kabla ya ngoma, akalisema kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu, na Bibi akaweka sahani chini, akatoka, maana karatasi aliyopelekewa Padri wa wakati ule, mgeni asiyemaliza hata mwaka hapa kabla hajahamishwa, ilikuwa na sahihi hiyohiyo, Tobias, Daktari, na Padri yule akaipokea kama hati ya hospitali, kwa nini asiipokee, imeandikwa daktari... lakini hapa ndipo ninapomsimamisha shahidi, kwa heshima zote, kwa sababu Padri alikuwa mgeni na Walburga hakuwa mgeni, alizaliwa nyumba tatu kutoka kwa Tobias, alijua kwamba Tobias alikuwa fundi cherehani, bila shaka alimwona siku za ngoma akiinama kukagua kucha za wanaume wazima, sasa iweje miaka sitini na zaidi baadaye habari hiyo imfanye aweke sahani chini na kutoka, au haikuwa habari, au kilichomshtua si kuambiwa bali ni kuambiwa mbele ya watu... Praygod anasema madaftari haya ni chanzo cha historia ya watu wasioandikwa popote, kwamba ukiyasoma kwa subira utajua nani alikwenda migodini, nani alirudi, nani alibatizwa akabadili jina, nani alijua kusoma, nami simpingi, ila nilifundishwa kwamba maandishi huthibitisha kwanza jambo moja, kwamba kuna mtu aliandika, na kutoka hapo mpaka kwenye ukweli ni safari, nani alimwambia Tobias, hao wanne waliorudi walisema nini, hakuna hata mmoja aliyeandikwa kama shahidi, ni maneno ya kuambiwa yaliyopigwa pasi yakavalishwa cheo... sheria ingeweza kumsaidia kwa njia nyingine, mtu asiposikika kwa miaka iliyowekwa huhesabiwa amekufa, lakini Joakim alikuwa hajatimiza hata minne, na Bibi hakuniuliza kuhusu sheria, Padri anayekuja saa kumi hana habari na kifungu chochote cha sheria, anachotaka kujua Bibi ni kama aliishi miaka arobaini na tisa na mume au na mtu mwingine, na akiungama, aungame nini... sasa Praygod anamwambia mjomba, baba yako alikufa mwaka hamsini na saba, na mjomba anasema, wewe kijana, mzee Raimundi nimemzika mimi mwenyewe juzijuzi hapa, na Praygod anasema, imo humo daftarini, mjomba, namba ishirini na tatu, wewe umezaliwa lini, sitini na nne, basi wewe ni mtoto wa marehemu... kicheko tena, na vidole vyangu vinashuka ukurasa, kumi na nane, ishirini, ishirini na tatu, Raimundi, Koplo, amekufa, Julai hamsini na saba, sahihi ileile ya Daktari, na pembeni kwa wino mwingine, amefufuka, Agosti hamsini na nane, na huko nje Praygod anaeleza bila kuulizwa kwamba mchezaji aliyehamia mganda wa kijiji kingine alitangaziwa msiba, wakabeba kipenga chake cha bati, kile anachopuliza ngomani, kama maiti, wakakizika pembeni mwa uwanja wa ngoma, wanawake wakialikwa kulia, na akirudi hufukuliwa kipenga, hivyo basi neno amekufa katika daftari hili lina angalau maana mbili, na ile ya pili ilimhusu mwanamume ambaye miaka mitatu baadaye alisimama altareni na bibi yangu akiwa mzima wa afya, kwa nguvu ya neno lilelile... wanawake wakialikwa kulia, je, Walburga alikuwa miongoni mwao, alijifunika khanga akalilia kipenga cha Raimundi huku Raimundi akicheza ngoma kijiji cha pili, kama alikuwepo basi hakuna mtu katika kijiji hiki aliyejua vizuri kuliko yeye neno hilo lina uzito gani, na bado karatasi ilipopelekwa kwa Padri yeye aliikubali, na sasa nasikia upya alivyouliza, hakusema, Joakim alikufa, alisema, kitabu kinasema amekufa, swali jembamba hivyo huulizwa na mtu anayejua ukubwa wa jibu analoweza kulibeba, nikisema kinasema, nimesema kweli tupu, hakuna atakayenishtaki kwa uongo, naye saa kumi atafungua kinywa apokee... lakini namba kumi na saba ina safu nyingine ambayo nimeipita mara mbili kwa sababu macho yalikwenda kwenye neno kubwa, vifaa, kipenga kimoja, na mbele yake kwa herufi ndogo, hakikuzikwa, mke amekikatalia... amekikatalia, hakukubali kukitoa, na mara nina miaka saba, niko chumbani mwa Bibi, nimefungua sanduku lake nikakuta chini ya vitenge kitu cha bati kilichoota kutu mdomoni, nikakipuliza, mlio mmoja tu, na Bibi akatoka jikoni akanichapa kwa mkono wake, yeye ambaye hakunichapa kabla wala baada, na babu Raimundi, aliyekuwa ameketi barazani akisuka kamba, alisikia mlio ule, lazima alisikia, hakugeuka, hakuuliza, mikono yake iliendelea kusuka... basi kielelezo kipo, hakikuzikwa, na kinasema nini, ukiniuliza kama wakili wa Bibi nitasema mwanamke aliyefiwa hushikilia kitu cha mwisho cha marehemu wake, na asingekubali msiba wa kweli uchanganywe na mchezo wa kuzika bati, ukiniuliza kama wakili wa upande wa pili nitasema ni mwanamke aliyejua mumewe hajafa, hakutaka arudi akute kipenga chake kaburini, na hoja zote mbili zinasimama kwenye maneno yaleyale matatu, nimezipima na mizani hailali upande wowote, na ndipo ninapoona jambo ambalo ningelitamka dakika ya kwanza kama shauri lingekuwa la mtu mwingine, kwamba hakimu mwenye maslahi hujitoa, kwa maana bila karatasi ya Tobias hakuna ndoa ya mwaka wa sitini, bila ndoa hiyo hakuna mama yangu Benadetha, bila Benadetha hakuna huyu anayejifanya anapima, nilikuja kutoka Mbinga nikilishuku daftari, nikamshuku Tobias, nikamshuku Bibi, na muda wote huo sikumshuku mtu mmoja, aliyehitaji Joakim awe amekufa kuliko wote, mimi... kivuli cha dirisha hakijasogea hata kigae kimoja, Bibi hajaondoa kidole juu ya chuya, ananitazama, si kama mtu anayengoja habari, bali kama anayengoja kuona mjukuu wake ni mtu wa namna gani, anasema tena, polepole, "Wewe ndiye uliyesoma, mama. Nisomee tu kilichoandikwa," na kilichoandikwa kiko katika safu mbili, moja ina amekufa na nyingine ina amekikatalia, naweza kusoma ile ya amekufa nikaishia hapo, naweza kusoma zote mbili nikamwachia yeye na Padri wake, naweza kufunga daftari, na mimi nimejitoa, sina haki ya kutoa hukumu hii, lakini wewe ambaye huna damu yako humu na umeyasikia yote kama nilivyoyasikia mimi, mchele uko kwenye ungo na saa kumi haijafika, amua wewe, ungemsomea mpaka wapi...