Maboga Nyuma ya Dirisha Langu

Kinyaa kilinianza Korogwe, kabla hata sijashusha begi. Upepo ulitoka upande wa mashamba ya mkonge ukaleta harufu ya mabaki yaliyooza, nikaziba pua kwa mtandio mbele ya Daktari Semboja, msimamizi wa masomo yangu, aliyekuja kunipokea stendi.

"Utazoea, Justa," akasema.

Sikutaka kuzoea. Mimi ni mtu wa Bukoba, kwetu mvua haibembelezwi. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza shahada ya uzamili ya afya ya mazingira, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuishi Kabuku, Handeni, na kuhoji kaya ishirini kuhusu maji ya kunywa. Majibu yakiwa mazuri, nabaki kwenye mradi. Yakiwa ya ovyo, nafasi anapewa mwingine.

Nilipata chumba kwa Bi Mwanaidi, mjane wa Kizigua anayeishi peke yake. Siku ya pili nikaandamana naye lamboni. Heri nisingeenda. Ng'ombe walisimama ndani ya maji hadi tumboni, mmoja kainua mkia, na hatua tano kutoka hapo akina mama wanajaza madumu! Maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa, ila chai haina viluwiluwi. Bi Mwanaidi akasukuma povu pembeni kwa kiganja, akachota. Mimi nilikwenda kutapika vichakani.

Tangu siku hiyo, asubuhi na jioni alinigongea mlango na kuniachia jagi la bluu lenye mfuniko.

"Maji yako ya kunywa, mwanangu."

"Asante, bibi," najibu. Akigeuka tu, nayamwaga nje kupitia dirisha la nyuma, uso nimeugeuzia ukutani nisiyaone. Mimi nilikunywa ya chupa, niliyoyaficha uvunguni. Hata jagi nililishika kwa ncha za vidole.

Kwenye nyumba za watu mambo yalikuwa yale yale. Huku mgeni hupewa maji kabla ya mazungumzo. Wananiletea kikombe, nakiweka chini ya kiti, natoa fomu. Wanakitazama kikombe, wanatazamana, kisha wananijibu kwa adabu zote. Baada ya wiki sita nilikuwa nimemaliza kaya ishirini, Bi Mwanaidi akiwemo, nikajiona hodari.

Daktari Semboja akapiga simu. "Kaya ishirini, na zote zinachemsha maji?"

"Ndivyo walivyosema."

"Kwa kuni zipi, Justa? Wamekuambia ulichotaka kusikia. Rudia zote. Nisipopata majibu ya kweli hadi Ijumaa ijayo, nafasi natoa."

Nilifura. Wanakunywa kinyesi cha ng'ombe, halafu wananidanganya mimi! Nikabeba fomu mpya, nikaanza na mwenye nyumba wangu. Nilimkuta jikoni, kwenye mkeka, anakula ugali kwa majani ya maboga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa tule kwanza."

Njaa ilikuwa inaniuma, nikala. Halafu nikafunua fomu. "Leo niambie kweli, bibi. Maji ya kunywa unayachemsha?"

"Sichemshi. Kuni ziko wapi?"

"Mbona ulisema unachemsha?"

"Ulikuwa unaona kinyaa, mwanangu. Nikuongezee mboga?"

Uso ukaniwaka moto. "Na hayo unayoniletea kila siku?"

"Hayo ya mvua." Akanionyesha kwa kidevu pipa jeusi chini ya bati. "Niliyakinga masika. Ya lamboni nakunywa mimi, tumbo langu limeshazoea. Wewe yangekuumiza."

Nikainamia fomu, sikuweza kumtazama. Swali la saba. "Maji uliyohifadhi hutosha muda gani?"

"Pipa lile, kwa mgeni mmoja wa kunywa tu, hadi mvua za vuli."

"Na mwaka huu?"

"Yameisha jana. Jagi lilikuwa linarudi tupu kila mara, nikasema joto linamtesa mtoto wa watu."

Nikaitazama mboga kwenye sahani, mbichi, laini. Kiangazi kizima sikuwa nimeona jani la kijani Kabuku.

"Bibi, mboga hii umeitoa wapi?"

"Nyuma ya dirisha lako. Mbegu nilizitupa tu pale siku nyingi, wala sikutegemea. Zimeota vizuri kweli."

Hakunikejeli. Angenitukana ningepumua. Kinyaa chote nilichokuwa nimewagawia ng'ombe, madumu na vikombe vya watu kilinirudia chenyewe, nikajiona mchafu kuliko lile lambo.

Swali la nane nililisoma kwa sauti ya chini. "Sababu ya maji kuisha."

Bi Mwanaidi akajifuta vidole kwenye kanga, akaokota kalamu iliyokuwa imenidondoka, akanipa.

"Hilo jaza mwenyewe, mwanangu."