Neno Ambalo Daktari Hakulisema

Bi Sijaona alianguka uani kwake kule Newala akianua mihogo, akavunjika nyonga. Alipokwisha kufanyiwa upasuaji hospitalini Masasi na kuruhusiwa, ndugu walikaa wakashauriana, na mzigo ukamwangukia binti yake Nuria bila ubishi mwingi. Yeye anakaa Masasi mjini, karibu na hospitali. Yeye ni mwalimu, mtu wa kuelewa maelekezo. Mumewe yuko kazini Tunduru na mwanawe Yunusi yuko bweni, kwa hiyo chumba kipo. Nuria hakukataa. Nani anamkataa mama?

Maelekezo yenyewe hayakuwa mengi. Daktari kijana aitwaye Ebenezer aliyaandika kwenye karatasi, kisha akayarudia kwa mdomo. Bibi anywe maji mara kwa mara mchana kutwa, vikombe vinane hivi, asingoje mpaka asikie kiu, maana wazee kiu huwapotea. Akalishwe kitako, asilale tu. Atembee hatua chache asubuhi na jioni kwa kile chuma chake cha kutembelea. Ale matunda na mboga.

"Dawa zina mwisho, mwalimu," alisema. "Maji hayana mwisho. Hayo nakuachia wewe."

Nuria aliibandika karatasi kwenye mlango wa kabati, na wiki mbili za mwanzo aliifuata kama andalio la somo. Bi Sijaona akaanza kupata rangi. Alitembea kutoka kitandani mpaka dirishani, akapumzika, akarudi.

Shida ilikuwa choo. Choo kiko nje, upande wa pili wa ua, na mguu wa Bi Sijaona haukuwa na haraka. Nuria akikimbia na kopo, mara nyingi alikuta mambo yameshaharibika. Bomba la mtaa lilitoa maji Jumanne na Ijumaa tu, tena kwa foleni. Kila alfajiri Nuria aliinama kwenye beseni akifua mashuka, akayaanika, akakimbilia shuleni vidole vimekunjamana. Mara tatu alikuta watoto wameshaingia darasani. Mara ya tatu mwalimu mkuu alimtazama, akatazama saa yake, na hilo likamuuma kuliko kusemwa.

"Nisamehe, mwanangu," Bi Sijaona alikuwa akisema, uso ameugeuzia ukutani.

"Hamna neno, Mama," Nuria alijibu. Lakini mama alisikia jinsi shuka lilivyokuwa linasuguliwa kule nje.

Kikombe cha kwanza kukatwa kilikuwa kile cha jioni. Hakikuwa kitu, ni kikombe kimoja tu. Kesho yake shuka likaamka kavu, na Nuria akafurahi, akanywa chai yake amekaa. Furaha hiyo ilikuja kumtesa baadaye kuliko mambo mengine yote. Wiki iliyofuata akakata cha alasiri. Kisha cha saa nne. Oktoba ilipoingia, na jua la Masasi likaanza kuchoma mpaka mawe ya vilima yakawa yanapumua joto, Bi Sijaona alikuwa akipata nusu kikombe cha kumezea dawa asubuhi na nusu kingine cha kusindikizia ugali.

Jirani yao, Mama Loveness, alikuwa na desturi ya kuchungulia mchana Nuria akiwa shuleni. Siku moja alikuja na jagi lake, akamnywesha Bibi vikombe viwili vizima. Nuria aliporudi akakuta godoro limelowa.

Akamwita Mama Loveness mlangoni. "Nakuomba usimpe tena maji. Daktari amesema asinywe mengi. Eti yanachelewesha mfupa kuunga."

Mama Loveness akakunja uso. "Maji na mfupa, wapi na wapi?"

"Ndivyo alivyosema."

Maneno yale yalitoka kirahisi, Nuria mwenyewe akashangaa. Bi Sijaona alikuwa amelala palepale nyuma ya pazia, macho wazi. Mama Loveness akatii, maana aliyesema ni mwalimu, na mwalimu alikuwa amesikia kwa daktari.

Basi siku zikaenda. Midomo ya Bi Sijaona ikapasuka. Akawa analala mchana kutwa, na akiinuliwa anasema dunia inazunguka, kwa hiyo chuma cha kutembelea kikabaki kimeegemea ukuta. Mkojo wake kwenye kopo ukawa na rangi ya mkandaa, chai nzito isiyo na maziwa, na harufu kali. Nuria aliuona. Huko mbele angejaribu kujiambia kwamba hakuona, na asingeweza. Aliuona, akaumwaga, akasuuza kopo, akaenda kazini.

Alhamisi moja, wakati wa mapumziko, Mama Loveness alitokea getini pa shule, kanga ameishika mkononi, hata hakuifunga.

"Mama Yunusi, njoo. Bibi ananiita Somoe. Ananiuliza mbona nimekawia bondeni."

Nuria akatoka getini bila kuaga. Somoe alikuwa mdogo wake mama, amekufa miaka mingi. Na bonde lile alilijua. Zamani kule juu Newala, kabla mabomba hayajafika kijijini kwao, wanawake waliteremka bondeni alfajiri kuchota maji, wakapanda nayo kichwani mpaka jua limesimama. Bi Sijaona akifika, ndoo ilifunguliwa kwa utaratibu: watoto kwanza, mgeni kama yupo, na yeye mwisho, akinywa polepole kutoka kwenye kata, asidondoshe tone.

Walimpakia kwenye bajaji. Njia nzima Bi Sijaona alimsihi Somoe asiteleze.

Hospitalini alitundikiwa dripu. Nesi aliyempokea, mwanamke wa makamo aitwaye Bernadeta, alibana ngozi ya mkono wa mgonjwa, ikabaki imesimama kama kitambaa. Akageuka. "Alikuwa anakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

Mama Loveness akawahi. "Kidogo sana, dada. Daktari alimkataza."

"Daktari gani huyo?"

"Aliyemruhusu. Si ndivyo, Mama Yunusi?"

Nesi Bernadeta akamtazama Nuria, kalamu ikisubiri.

"Ndivyo," alisema Nuria.

Kalamu ikaandika. Jioni wakaambiwa: mwili umekauka, njia ya mkojo ina maambukizi, na figo zimeelemewa. Wamewahi, lakini kidogo tu.

Kesho yake Nuria alirudi nyumbani kuchukua nguo za mama. Karatasi ilikuwa palepale kwenye kabati. Alisimama mbele yake muda mrefu. Akaibandua, akaikunja, akaitia kwenye mkoba, bila kujua kama anakwenda kuionyesha au kuichana.

Alipofika wodini, kaka yake Nurdini alikuwa ameshateremka kutoka Newala, vumbi la shamba la mikorosho bado lipo kwenye viatu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ni yupi huyo daktari aliyemnyima Mama maji? Nimeshafika kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali. Amemwita ofisini. Mtu wa namna hiyo hafai kugusa wagonjwa."

Mlango wa mwisho wa baraza ukafunguliwa, akatoka Ebenezer. Alitembea kama mtu aliyetoka kufokewa, akawafikia, akasimama mbele ya Nuria.

"Mwalimu, pole na mgonjwa," alisema. "Nimejaribu kukumbuka siku ile. Wagonjwa walikuwa wengi, labda sikueleza vizuri, labda umenielewa vingine. Kama kosa ni langu, naomba mnisamehe."

Nurdini akafumbua kinywa, lakini Nuria alikuwa ameshafungua mkoba. Alimpa kaka yake karatasi. Nurdini aliisoma, midomo ikichezacheza, akafika kwenye mstari wa vikombe vinane, akaurudia.

"Sasa mbona..."

"Hakukataza. Nilikataza mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Nilichoka kufua."

Kumbe jambo lote lilikuwa na ukubwa huo tu. Maneno mawili. Ebenezer aliinamisha kichwa, si kwa ushindi, akaondoka kimya kimya. Nurdini hakufoka kama Nuria alivyotarajia, na alivyotamani. Alikaa kwenye benchi, akaikunja karatasi mara nne.

"Nina mke na mabinti wawili wakubwa nyumbani," alisema mwishowe. "Ungetuma neno moja tu, Nuria. Wangekuja kesho yake." Akainuka kwenda kwa mganga mfawidhi kufuta aliyoyasema. Siku tatu hakuzungumza naye, ila kumuuliza kama Mama amekula.

Siku ya tano akili ya Bi Sijaona ilirudi. Nuria alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko. Akaweka kijiko chini.

"Mama, daktari hakukataza maji."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nimezaa watoto sita, nimeuguza mama mkwe mpaka mwisho wake. Daktari gani anamkataza mtu maji?" Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini imenyooka. "Nilikusikia unavyofua. Nikasema, acha nikae na kiu yangu, mtoto apumzike. Nami nilikuwa na haya. Kufuliwa mkojo na mwanao si kitu chepesi."

Nuria akaanza kulia. "Nisamehe, Mama. Nilipitiwa."

"Hapo sasa usinidanganye," alisema Bi Sijaona. "Hukupitiwa. Ulichoka. Ungeniambia umechoka, tungetafuta njia pamoja. Mimi ni mzee, si jiwe." Akanyoosha mkono kutaka kikombe, Nuria akampa, akanywa chote. "Nitakaa kwa Nurdini mpaka shule zifungwe. Si kwamba nakufukuza. Nataka nipone kwanza. Na yule jirani yako, umemwambia?"

"Bado."

"Kamwambie."

Nurdini alimchukua Mama Jumamosi. Alikuwa ameshamwagiza fundi seremala achonge kiti chenye tundu na ndoo chini yake, kikae pembeni ya kitanda, Mama asiwe na haja ya kukimbizana na ua. Kitu cha siku mbili, cha mbao za kawaida. Nuria alikitazama kikipakiwa garini. Mwezi mzima alikuwa amepita mbele ya karakana ya maseremala akienda na kurudi shuleni.

Jioni hiyo, kabla ya magharibi, alivuka ua kwenda kwa Mama Loveness. Alimkuta akichambua kisamvu. Akamwambia yote, amesimama, bila kujitetea.

Mikono ya Mama Loveness ilisimama.

"Aliniomba," alisema. "Mara mbili aliniomba maji. Nikamwambia, vumilia Bibi, daktari amekataza. Jagi nilikuwa nimelishika mkononi." Akamtazama Nuria. "Umenifanya mimi nimnyime. Mimi."

Nuria alitaka kuomba msamaha, akaona ni mapema mno, pengine hata si haki yake kuuomba leo. Akaketi chini kwenye mkeka bila kukaribishwa.

"Ilikuwa siku gani?" akauliza. "Hizo mara mbili."

Mama Loveness akaanza kumsimulia. Mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu, saa sita mchana, na jua lilikuwa kali.