Kitabu Kinakuja na Yaya Wake

Jumanne saa nane mchana, Mama Pacha alikuwa mezani sebuleni akibishana na jalada la kitabu chake, lenye picha yake na mapacha wake. Jina lake likikaa juu linafunika paji lake la uso. Likikaa chini linafunika mapacha. Alilisogeza mara kumi na moja. Mwishowe alilikuza, akalirudisha juu, akajiambia kwamba paji la uso si kitu ambacho watu wanakilipia.

Mama Pacha ndilo jina la blogu yake, na kwa kuwa blogu ilikuwa na wasomaji wengi kuliko jamaa aliokuwa nao, hata mumewe alikuwa amezoea kumwita hivyo. Kwa miaka minne aliandika kuhusu malezi: vipele, maziwa, wivu wa pacha mmoja kwa mwenziwe. Makala zilizopendwa kuliko zote zilikuwa za kulaza watoto. Hizo ndizo alizozikusanya kuwa kitabu cha kusoma kwenye simu, kurasa sitini na nne, njia kumi na mbili, jina lake *Mtoto Alale*.

Njia zote kumi na mbili zilikuwa za yaya. Mama Pacha mwenyewe hakuwahi kumlaza mtoto hata mmoja mpaka mwisho. Mapacha wakimwona wanataka kucheza. Kazi yake ilikuwa kurekodi. Yaya alikuwa akiosha vyombo huku akieleza: anza na mgongo, usianze na kichwa, hesabu vidole vya miguu polepole, ukifika cha saba jifanye umesahau. Baadaye Mama Pacha alisikiliza na kuandika, "Mimi kama mama nimegundua kwamba." Hakuona kosa. Nyumba ni moja, alisema, na kilichomo ni cha nyumba.

Yaya alikuwa na mtoto wake, msichana wa miaka mitatu, aliyekuwa akilelewa na dada yake mkubwa mbali, safari ya basi ya siku nzima. Alikuwa hajamwona kwa miezi kumi na minne. Aliahidiwa likizo ya wiki mbili. Ya kwanza ilizuiwa na surua ya mapacha, ya pili na safari ya kikazi ya baba yao, na ya tatu sasa ilikuwa inasubiri kitabu.

"Kikishatoka tu, dada, unaenda," alisema Mama Pacha. "Nikiwa nazindua, nani atanishikia watoto?"

"Ahadi ni deni, Mama Pacha."

"Kwani nimekataa?"

Kilichomchanganya zaidi ni bei. Wifi yake, mwenye duka la vipodozi na majibu ya kila kitu, alimwonya kwa simu. "Ukiweka bei ya kiberiti, watakiona kiberiti. Ukiweka bei ya viatu, watakuuliza soli iko wapi." Mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kukadiria hasara kwenye kampuni ya bima, alisema kitu kisichoweza kuungua wala kulowa ni vigumu kukiwekea thamani, kisha akalala. Mama Pacha aliandika bei, akaifuta. Bei aliyoiona kubwa asubuhi ilikuwa ndogo mchana. Aliwauliza wasomaji, wakajibu watu mia mbili, kila mmoja na yake, na mmoja akauliza kama kuna saizi ya mtoto wa kiume. Hakujua ashike lipi aache lipi. Mwisho aliweka bei ya chupa mbili za dawa ya kikohozi, na kwa wiki mbili za uzinduzi, bei ya chupa moja. Marafiki ishirini aliwapa bure, ili wakisifie.

Kitabu kilitoka Ijumaa. Saa moja kamili jioni yaya aliketi kati ya vitanda viwili vya mapacha, kama siku zote.

Jumamosi asubuhi ujumbe ulianza kuingia. "Asante kwa kitabu," aliandika mnunuzi wa kwanza. "Yaya amefika saa moja juu ya alama. Mpole sana. Huwa anavua viatu mlangoni au tumwache tu?" Mwingine alitoa nyota nne badala ya tano, kwa sababu yaya huondoka saa mbili na nusu na mtoto wake huamka saa tatu. Wa tatu aliuliza kama maji anayokunywa yaya lazima yawe ya kuchemsha.

Mama Pacha alisoma yote, akaenda jikoni.

"Dada, jana saa moja ulikuwa wapi?"

"Si hapa, nawalaza pacha."

"Na kwingine?"

"Na nyumba thelathini na nane nyingine."

"Ikawaje?"

"Salama. Moja ina mbwa."

Mama Pacha alirudi kwenye kompyuta na kichwa kinamuuma. Kwenye maelezo ya kitabu alikuwa ameandika idadi ya kurasa na ukubwa wa faili; hakuwa ameandika kwamba kinakuja na yaya wake, na hakujua kama kutoliandika jambo hilo ni kuwapunja wanunuzi au kuwazidishia. Aliongeza mstari mmoja. Kufikia jioni nyumba zilikuwa mia na tisa. Kizuri chajiuza, alisema wifi, na kusisitiza kwamba bei ilikuwa ya kijinga tangu mwanzo.

Wale marafiki ishirini waliopewa bure hawakutembelewa na mtu, nao ndio waliolalamika kwa ukali kuliko wote. Mwanamke mmoja aliyenakiliwa faili na shoga yake aliletewa sauti tu, ikiimba pembeni ya kabati, na mtoto akakataa kulala mpaka aonyeshwe anayeimba. Mama Pacha alimjibu kwamba ndiyo hasara ya vitu vya kunakili.

Wiki ya pili yaya alianza kuchanganya. Alipapasa swichi ya taa kushoto kwa mlango, ambako katika nyumba ile palikuwa na ukuta mtupu. Alimwita pacha mdogo kwa jina la mtoto wa watu. Alisimama sebuleni akitafuta ngazi, na nyumba haikuwa na ghorofa. Mapacha walimwelekeza bila neno, kila mmoja akimshika kidole.

Suala la mshahara lilizungumzwa. Baba wa mapacha alilitazama kwa makini, maana ni mtu wa haki, akaeleza kwamba saa hazikuongezeka. Ni zile zile, saa moja mpaka mbili na nusu, na hizo ameshalipwa. Mama Pacha alihisi kuna mahali hesabu hiyo inapinda, ila hakupaona.

Siku uzinduzi ulipokwisha, yaya aliuliza habari ya likizo. Alikuwa ameshatoa begi chini ya kitanda.

"Ukienda," alisema Mama Pacha, "huko kwa wateja utakuwa unafika, au hufiki?"

"Mimi sijui."

"Na mimi sijui. Wakidai kurudishiwa? Tungoje kidogo tujue, dada yangu. Nimechanganyikiwa, wallahi."

Yaya alirudi kazini. Alifagia korido, akafua, akaanika. Baada ya siku mbili alikuja sebuleni na simu yake mkononi.

"Mama Pacha, nataka kitabu kimoja. Nimtumie dada yangu."

Mama Pacha aliona haya. "Jamani! Wewe wa kununua? Nakutumia sasa hivi, bure."

"Cha bure sifiki," alisema yaya.

Ilikuwa kweli. Yaya alilipa kwa simu yake. Bei ya uzinduzi ilikuwa imeisha juzi, kwa hiyo alilipa chupa mbili, na mtandao, usiomjua mtu, ukamshukuru kwa kumuunga mkono Mama Pacha.

Jioni ile Mama Pacha alisimama mlangoni mwa chumba cha watoto na kutazama. Yaya alianza na mgongo. Alihesabu vidole. Alipofika cha saba alisahau, kama inavyotakiwa, ila safari hii alikaa kimya muda mrefu, mkono umetulia juu ya mguu wa pacha mkubwa, na nyumba mia nne na kumi na mbili zikamsubiri. Kisha akaendelea na cha nane.

Saa tatu kasoro dada yake alipiga simu. Yaya alikuwa na mikono yenye povu, akaiacha ipaze sauti juu ya meza.

"Amelala," alisema dada. "Hata hajasumbua. Alikuamkia, ulimsikia?"

"Nilimsikia. Aliniita shangazi."

"Atakuzoea. Ameniuliza kama yule shangazi wa kwenye kitabu anakuja tena kesho."

"Mwambie anakuja."

Mama Pacha alikuwa amefuata maji ya kunywa, akasikia yote, akafurahi kwa moyo mweupe. "Umeona sasa? Unafika kwako kila siku, na nauli hutoi! Likizo haina haraka tena, au vipi?"

Yaya alisuuza chupa, akaitazama kwenye mwanga kama imetakata.

"Nafika ameshaanza kusinzia, Mama Pacha. Akishalala naondoka. Sijui anachekaje. Sijui hata kama ni mtoto wa kukimbia au ni wale wa kukaa."

Mama Pacha moyo ulimchoma. Tusimsingizie, ulimchoma kweli. Aliweka glasi chini na machozi yakamlenga. Aliwaza habari ya basi, akawaza wateja mia nne na kumi na mbili, akakosa pa kushika. Na alipokosa la kusema, Mama Pacha alikuwa na desturi ya kuandika.

"Tutoe cha pili," alisema. "Cha mchana. Michezo, nyimbo, namna ya kumchekesha mtoto. Hapo utamkuta macho, utamwona vizuri."

Yaya alilifikiria jambo hilo. Halikuwa na kasoro aliyoweza kuionyesha kwa kidole.

"Na hicho mimi utaniuzia bei gani?"

"Hata sijui," alisema Mama Pacha, na hakuwa anadanganya. "Itabidi nimuulize wifi."

Alitoa simu, akabonyeza kurekodi, akaisogeza karibu na beseni. Yaya alijifuta mikono.

"Kwanza unakaa chini," alisema. "Mtoto hachezi na mtu aliyesimama."