Bakuli la Meurig Kinyozi

Zamani hizo, katika miji ya Wales, kinyozi ndiye aliyekuwa tabibu: kiti alichonyolea ndevu ndicho hicho alichong'olea meno na kuwatolea watu damu ili homa ishuke. Basi homa ikaingia nyumbani kwa Meurig mwenyewe, kinyozi wa mji wa Brecon. Mkewe Lowri alikuwa hajiwezi kitandani. Meurig alishamchanja mkono mara mbili, damu ikajaa bakuli la shaba, na homa haikushuka hata kidogo. Mchana ule akaapa kumchanja tena. Akaketi kitini kunoa wembe, bakuli mapajani, usingizi ukampitia.

Akajiona katika nchi ngeni ya vilima na ukungu, na bwana mmoja mnene mwenye joho jekundu anamjia. "Mimi ni Kiburi, rafiki yako wa siku nyingi. Mchanje! Bingwa kama wewe akae tu akiangalia, mji utasema nini?" Meurig akafurahi; jamani, nani hapendi kusifiwa? Akamfuata. Lakini darajani alisimama mwanamke aliyepandisha mikono ya gauni kama mtu wa kazi, jina lake Shukrani, akamzuia. "Kabla hujapita, wasalimie hawa."

Nyuma yake watu wa Brecon walikuwa wamejipanga, wazima na marehemu, kila mmoja amenyoosha mkono wenye kovu la wembe wa Meurig. Alimtambua mwokaji mikate, akamtambua mjane wa fundi viatu. Hakuna aliyemlaumu. "Walikupa mikono yao bila kujua kama watapona," Shukrani akasema taratibu. "Umewahi kuwashukuru?" Wa mwisho alikuwa Lowri, amepauka, naye akanyoosha mkono. Meurig akashindwa kumtazama.

"Nifanye nini, mama?" akalia.

"Leo kazi yako ni maji na kusubiri."

Kiburi akacheka. "Hiyo nayo ni kazi?"

Meurig akazinduka, wembe uko sakafuni, na safari hii hakuuokota. Akalisugua bakuli, akalijaza maji ya kisima, akapanda ngazi mbio. Lowri alipoliona tu akaanza kukunja mkono wa gauni, maskini.

"Acha, mke wangu. Leo bakuli ni la maji tu." Akampangusa uso, akamnywesha. "Na asante."

"Asante ya nini tena?"

"Ya mkono wako."

"Makubwa! Kumbe homa imekupanda wewe," Lowri akasema kwa sauti iliyokauka. Kisha akalivuta bakuli mwenyewe, akanywa tena.