Bi Semeni Ahama na Namba Yake

Nyumbani kwa Bi Semeni, kule Kinole, simu ilikuwa inashika sehemu moja tu: nyuma ya choo, ukiegemea ukuta kwa bega la kulia na uso umeelekea bondeni. Ukisogea hatua mbili, sauti inakatika. Hapo ndipo alipopokea habari za kuzaliwa kwa mjukuu wake wa kwanza, na hapo ndipo alipopatana na wanunuzi wa mdalasini na pilipili manga, mkono mmoja umeshika simu na mwingine unafukuza nzi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani mtandao wake, uitwao Upeo, ulisikika mpaka jikoni. Lakini masika ya mwaka juzi radi ilipiga mnara wao, na tangu siku hiyo kila alipopiga huduma kwa wateja aliambiwa mafundi wako njiani. Bi Semeni aliijua barabara ya kwao, utelezi wake na makorongo yake, lakini hata yeye aliona kwamba mafundi hao wangekuwa wameshafika, wamerudi, na wamefika tena, hata kama wangekuja kwa miguu kutoka Dar es Salaam.

Watu walimshauri anunue laini nyingine. Hakutaka kusikia. Namba ile alikuwa nayo mwaka wa kumi na nne. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi kwenye magunia yake yote, na wateja wa Morogoro mjini, wa Mzumbe na wa Dumila walikuwa nayo vichwani. Kubadili namba, kwake, ilikuwa sawa na kubadili jina uzeeni.

Mmoja wa wateja hao alikuwa Abdulmajid, muuza viungo na vitunguu pale njia panda ya Dumila. Alikuwa mgane wa miaka sitini kasoro kidogo, mtu wa taratibu, ambaye kila simu yake aliianza kwa kuuliza hali ya mvua. Walikuwa wamefanya biashara miaka mitatu. Bi Semeni, aliyefiwa na mume miaka saba nyuma, alikuwa amegundua kwamba siku Abdulmajid akipiga, hata kama hakuagiza kitu, kazi za siku hiyo zinakuwa nyepesi. Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, wifi yake Furaha wa nyumba ya jirani, na akajuta siku hiyohiyo, maana Furaha alianza kuchungulia dirishani kila alipomwona anakimbilia nyuma ya choo.

Alhamisi moja asubuhi simu ikaita. Bi Semeni akakimbia, akaegemea ukuta.

"Bi Semeni, nimekaa nimefikiri sana," Abdulmajid alisema, sauti inakuja na kupotea. "Mimi na wewe... miaka mitatu... naona nije mwenyewe... nichukue moja kwa moja..."

"Njoo!" Bi Semeni akapaza sauti. "Hata Jumamosi njoo!"

Sauti ikarudi: "Kweli? Na m... wako atakuwepo?"

"Upo! Tena umekauka vizuri!"

"Ume... nini?"

"Umekauka! Njoo na gari!"

Simu ikakata. Bi Semeni akarudi uani anatabasamu. Mtu anayetaka mdalasini wote kwa mkupuo mmoja si wa kuchezea.

Jumamosi alidamka mapema, akajaza magunia matano, akayapanga mbele ya mlango. Saa tano hivi Noah nyeupe ikapanda kilima inaunguruma. Bi Semeni akatoka amevaa kanga kuukuu, vumbi la mdalasini limemjaa mpaka kwenye nyusi, akasimama pembeni ya magunia yake.

Kwanza alishuka mzee mwenye kanzu na koti, fimbo mkononi. Wakafuata wanawake wawili waliojitanda mitandio ya sherehe, mmoja ameshika sinia lililofunikwa kitambaa. Mwisho akashuka Abdulmajid, kanzu imepigwa pasi mpaka inang'aa, kofia mpya kichwani, na jasho linamtoka.

"Karibuni," Bi Semeni akasema, akiwatazama mmoja mmoja. "Shikamoo mzee. Jamani, mbona mmependeza hivi kwa kuja kuchukua mdalasini?"

Wageni wakatazamana. Yule mzee, Yusuph, kaka mkubwa wa Abdulmajid, akakohoa kidogo. "Marahaba, mama. Mdalasini nao ni mzuri. Ila sisi tumetoka Dumila na shughuli nyingine. Mdogo wangu hapa ameuliza kwa simu kama aje kuposa, na ukamwambia njoo. Akauliza kama mjomba wako atakuwepo, ukasema..." Akamgeukia Abdulmajid. "Alisema nini?"

"Alisema amekauka vizuri," Abdulmajid akajibu kwa sauti ya chini. "Nikafikiri mjomba anaumwa."

Bi Semeni alijikaza. Alishika mdomo kwa ncha ya kanga, akatazama milimani, akajikaza tena, kisha kicheko kikamtoka kama maji yaliyofunguliwa, mpaka akakaa juu ya gunia. Wale wanawake wawili wakamfuata. Furaha, aliyekuwa amejificha nyuma ya migomba tangu Noah ilipoonekana, alisikika akicheka kuliko wote. Mzee Yusuph mwenyewe mabega yalimtikisika. Abdulmajid peke yake alibaki amesimama, anatazama viatu vyake.

Bi Semeni alipomwona vile, kicheko kikamwisha. Akainuka, akajipangusa vumbi.

"Kaka Abdulmajid, sikucheki wewe. Nacheka simu yangu. Sikukusikia. Nakuapia sikusikia neno hata moja la maana."

"Basi sasa umesikia," akasema.

"Nimesikia kutoka kwa kaka yako. Kwako bado." Akaikung'uta kanga yake. "Nipe siku tano. Nitakupigia mimi."

"Kwa simu hiyohiyo?"

Bi Semeni aliwapikia wageni wali na kuku, wakala, wakashukuru. Mdalasini nao wakauchukua, kwa kuwa ulikuwa tayari, na wageni waliopanda kwa ajili ya posa wakateremka mlimani wamebanana na magunia, sinia likiwa juu ya mapaja ya mwenye nalo, bado limefunikwa.

Jioni ile Bi Semeni aliegemea ukuta wake akapiga huduma kwa wateja kwa mara ya mwisho. Muziki ukapigwa. Sauti ya binti ikamwambia simu yake ni muhimu sana kwao. Muziki ukaendelea, kisha simu ikakata.

"Wifi," Furaha akamwambia kutoka dirishani, "kwani hujui siku hizi mtu anahama mtandao na namba yake ileile? Dada yangu Agnes amehamia mtandao wa Jirani mwezi uliopita. Mnara wao mpya uko pale juu, unaonekana hata ukiwa umelala."

"Na namba haibadiliki?"

"Haibadiliki hata tarakimu moja."

Jumatatu asubuhi Bi Semeni akateremka Morogoro. Karibu na soko kuu alimkuta wakala wa Jirani, binti mchangamfu aitwaye Shadya, amekaa chini ya mwavuli na kimeza chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka kuhama. Ila namba siiachi."

"Hiyo tu? Dakika kumi, mama. Nipe kitambulisho, halafu weka kidole hapa."

Bi Semeni akaweka kidole gumba kwenye kimashine. Kimashine kikalia, kikakataa. Akaweka cha pili, kikakataa. Shadya akamfuta mikono kwa kitambaa cha maji, akamfuta kwa ndimu, akampulizia vidole kama mtoto aliyeungua. Kimashine kikakataa vyote kumi.

"Mama, unafanya kazi gani? Vidole vyako havina alama kabisa."

"Namenya maganda ya mdalasini, mwaka wa thelathini huu."

Watu waliokuwa wanapita wakaanza kusimama. Mmoja akashauri mafuta ya nazi, mwingine akashauri arudi baada ya wiki mbili bila kufanya kazi, na Bi Semeni akamuuliza huyo wa pili kama atakuja yeye kumenya. Dakika kumi zikawa saa nzima. Mwishoni Shadya akakishika kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho hakikuwahi kubeba kisu, akakikandamiza kwa upole, wote wakiwa wamebana pumzi. Kimashine kikatoa mlio mwingine, mwembamba na mzuri. Watu wakapiga makofi.

Ikabaki kutuma neno la kuthibitisha kwamba anahama kwa hiari yake. Akatuma. Hazikupita dakika tano, simu yake ikaita, na kwa sababu alikuwa mjini, sauti ikaja safi.

"Habari ya mchana, mama. Naitwa Jonathan, kutoka Upeo. Tumeona umeomba kutuhama, na sisi bado tunakupenda. Tungependa kukupa dakika mia tatu za bure ubaki nasi."

"Nitaziongelea wapi, mwanangu?"

"Popote ulipo, mama."

"Mimi naongelea nyuma ya choo." Bi Semeni akaivuta stuli ya Shadya, akakaa. "Sikiliza nikueleze. Miaka miwili nawapigia, mnaniambia mafundi wako njiani. Wiki iliyopita mtu amenichumbia kwa simu yenu. Nimejibu mambo ya mdalasini. Watu wametoka Dumila na sinia, nimewapokea na magunia. Sasa dakika mia tatu hizo zitanisaidia nini?"

Bi Semeni akasikia kitu ambacho hakukitegemea: kijana alikuwa anajizuia kucheka, na anashindwa.

"Nisamehe, mama," akasema alipopata pumzi. "Nimeandikiwa hapa maneno ya kumbembeleza mteja, lakini la kukujibu wewe silioni. Nenda salama. Ombi lako nalipitisha sasa hivi." Akashusha sauti. "Ila mama, naomba kuuliza. Huyo mtu ulimjibu?"

"Ndiyo nahangaika hivi ili nimjibu."

"Basi tusikucheleweshe."

Alasiri laini ya zamani ikafa, mpya ikaamka. Shadya akampigia kwa simu yake mwenyewe ili ahakikishe, na namba ileile ya miaka kumi na minne ikaita kwenye kiganja chake. Bi Semeni alimbusu binti wa watu kwenye paji la uso, akapanda gari la kurudi Kinole.

Njiani kote aliishika simu mkononi. Walipoanza kupanda, akaogopa. Huku milimani alishaahidiwa mambo mengi. Alipofika nyumbani hakwenda nyuma ya choo. Aliingia ndani taratibu, akapita sebuleni, akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko, ndipo akathubutu kutazama. Vijiti vyote vinne vya mtandao vilikuwa vimesimama.

Akapiga.

"Bi Semeni," Abdulmajid akapokea. Sauti yake ilikuwa ya kibiashara, imenyooka. "Mdalasini ulifika salama. Tangu jana nakupigia naambiwa hupatikani. Nimeelewa. Mtu akizima simu amejibu, wala sina kinyongo."

"Sikuzima. Jana mtandao wa zamani ulikuwa umelala kabisa, na leo nimehama. Nimehama ili nikusikie. Sasa nirudie yale maneno ya Alhamisi."

"Yote?"

"Yote. Polepole."

Bi Semeni akamsikia akivuta pumzi. Akasikia lori likipita barabarani Dumila, akasikia mteja akiuliza vitunguu hivi vinatoka wapi, na Abdulmajid akimwambia asubiri kidogo, ana mazungumzo. Ilikuwa kama amekaa naye kibandani.

"Nilisema hivi," akaanza. "Nimekaa nimefikiri sana. Mimi na wewe tumeongea miaka mitatu, na nimegundua kuna siku nakuagiza mdalasini na wa mwezi uliopita bado sijaumaliza. Stoo yangu imejaa, Bi Semeni. Naona nije mwenyewe nizungumze na mjomba wako, nikuchukue moja kwa moja, tuishi. Kama utaniona nafaa."

Bi Semeni alikuwa akitazama moto. Kwa miaka miwili alikuwa amezoea kuongea na simu kwa kupiga kelele, na sasa hakujua atoe sauti ya kiasi gani.

"Shamba langu ni la ukoo wa mama yangu," akasema taratibu. "Siliachi. Dumila nitakuja kutembea, kukaa siwezi."

"Nani amesema uache? Kibanda anakiendesha mwanangu Pendo, kunishinda mimi. Nilitaka kuja huko juu, kwenye baridi na maji. Nilikwambia hayo Alhamisi, ulikuwa unanijibu habari za gari."

Bi Semeni akacheka, safari hii polepole, akajifuta macho.

"Haloo?" Abdulmajid akasema. "Umekatika?"

"Nipo. Nakusikia sana." Akavuta pumzi. "Rudini Jumamosi hii. Na lile sinia mje nalo. Mjomba atakuwepo."

Mjomba wake, mzee Stambuli, alikuwa ameshafika mlangoni, maana Furaha alikuwa amemkimbilia mara tu aliposikia wifi yake anaongea jikoni. Akanyoosha mkono akaomba simu. Akaishika mbele ya mdomo kama sahani, akamsalimu mkwe mtarajiwa, akamuuliza wa ukoo gani, akamuuliza habari za wazazi wake wote wawili, za babu zake, za mazao ya Dumila mwaka huu, akaanza kumweleza historia ya shamba tangu kwa bibi yake, na katikati ya historia hiyo simu ikakata.

Mzee Stambuli akaitazama simu kwa uchungu. "Na hawa Jirani nao ni walewale."

"Siyo mtandao, mjomba," Bi Semeni akasema, anatafuta kandambili aende dukani kununua vocha. "Umemaliza dakika zangu."

Hakufika mlangoni. Simu iliita tena mkononi mwa mzee, safari hii Abdulmajid akipiga kwa salio lake, na Furaha akawahi kuipokea.